Zamu Iliyobadilishwa

Mrefu alikuja Jumamosi alasiri, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inasimama yenyewe, na Upindo alipomwona tu mlangoni akajua kwamba leo hakuja kama shemeji.

Kwa kawaida Mrefu hakubisha hodi. Alikuwa akiingia ameinamisha kichwa, maana mlango ule ulijengwa na watu wasiomfikiria mtu wa kimo chake, kisha anakwenda moja kwa moja jikoni kuuliza kama gesi imeisha, balbu gani imeungua, bomba gani limeanza tena kudondosha. Tangu Bashasha, mume wa Upindo, azikwe, hakuna kitu kilichoharibika katika nyumba ile kikalala kimeharibika. Leo alibisha. Alisimama nje akingoja kukaribishwa, mikono ameifunga nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu.

Mama mkwe wake Upindo alikuwa ameketi sebuleni akichomeka ndoano kwenye pazia la mteja. Ndiyo kazi aliyojipa mwenyewe baada ya kumzika mwanawe wa pekee: Upindo anakata na kushona, yeye anachomeka ndoano, na mchana unapita. "Karibu mwanangu," alisema, kisha akaliona lile shati, na mikono yake ikatulia.

Mrefu na Bashasha walikuwa mafundi wa umeme wa kikosi kimoja, wale wanaopanda nguzo. Walianza kazi pamoja, wakala pamoja, wakatukanwa pamoja na msimamizi mmoja, na Bashasha alipomposa binti mshona mapazia, Mrefu ndiye aliyembebea viatu siku ya harusi kwa sababu bwana harusi alikuwa na woga wa kuvichafua. Hata jina la Upindo lilitoka kwa Bashasha. Alisema mke wake hawezi kusalimiana na mtu kabla hajamtazama pindo la suruali kuona kama limeshonwa sawa.

Miaka miwili nyuma, Mrefu alivimba taya. Jino lilimsumbua usiku kucha, na asubuhi akampigia rafiki yake amsaidie zamu, yeye aende kuling'oa. Bashasha alikuwa na siku yake ya mapumziko. Akakubali. Mchana ule alipanda nguzo kuunga waya ambao kila mtu alikuwa ameambiwa umezimwa. Haukuwa umezimwa. Simu ilipomfikia Mrefu, alikuwa bado kwenye kiti cha daktari wa meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi, akawa anauliza "nini? nini?" na maneno hayatoki.

Msibani watu walinong'ona, kama watu wanavyofanya. Mrefu aliingia akitazama chini, hajui aketi wapi. Mama mzazi wa marehemu ndiye aliyeinuka, akamshika mabega ingawa alimfikia kifuani tu, akamwambia mbele ya wote: usilie hivyo mwanangu, siku yake ilifika, hata angebaki hapa nyumbani ingemfuata. Minong'ono ikakatika. Na Mrefu akaishika ile kauli kama anavyoushika mkanda wake akiwa juu ya nguzo. Asingekuwa nayo, angeanguka.

Majirani waliirudia. Mafundi wenzake waliirudia. Upindo peke yake hakuwahi kuitamka. Alilia, alimpa Mrefu mkono, akanyamaza.

Mapenzi yenyewe hayakuja kwa kishindo. Yalikuja kama maji yanavyopanda ukutani. Unagundua siku rangi inapobabuka. Mrefu alikuja kwa ajili ya bomba, akaja kwa ajili ya soketi, akaja kumshikia ngazi Upindo alipokuwa akitundika mapazia kwenye nyumba za watu, kwa sababu yeye hakuweza kabisa kumwona binadamu amepanda ngazi bila mtu wa kuishika chini. Kila sentensi ilikuwa na shemeji ndani yake: shemeji nipe bisibisi, shemeji zima swichi, shemeji pole na kazi. Halafu siku moja alisema, "Shika hapa," basi. Neno shemeji halikuja. Wote wawili walilisikia lilivyokosekana. Upindo alishika pale alipoambiwa ashike, macho yao yakakutana juu ya waya, na tangu siku hiyo hakuna aliyepata usingizi wa maana.

Sasa Mrefu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti, magoti yamepanda juu, akianzia mbali. Aliuliza habari za miguu ya mama. Aliuliza kama jirani wa juu bado anamwaga maji. Mama mkwe alimjibu kila swali kwa upole, na maswali yakaisha.

"Mama, nimekuja kuomba," alisema Mrefu. "Najua naomba kwenye nyumba gani. Nataka kumuoa Upindo. Na wewe usiende popote. Tutakaa wote, utakuwa mama yetu kama ulivyo sasa."

Upindo alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha cherehani, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Mama mkwe hakugeuka kumtazama. "Na wewe unataka?" aliuliza.

"Nataka, mama."

Mama mkwe alichomeka ndoano moja, akaitoa, akaichomeka tena palepale. Alisema hawalaumu. Wao ni vijana, na mtu hawezi kuishi na picha ya ukutani. Alisema ameliona jambo hili likija tangu zamani, ana macho, na alikuwa akimwomba Mungu kila siku walione wenyewe kwamba haliwezekani, ili yeye asilazimike kusema.

"Lakini sikiliza, bwana."

Hilo bwana lilimpata Mrefu kama kofi. Tangu ujana wake hakuwahi kuitwa na mama yule kitu kingine ila mwanangu.

"Siku ile nilisema siku ya mtoto wangu ilifika," aliendelea mama mkwe. Sauti yake haikupanda. "Nilisema mbele ya watu, na ninasema kila asubuhi, peke yangu kitandani, ndipo naweza kuweka miguu chini. Ukimuoa huyu nitakuona umekaa kwenye kiti chake. Nitakusikia unakohoa chumbani kwake. Sitaweza tena kusema ilikuwa siku yake. Nitasema ilikuwa siku yako, ukampa yeye, halafu ukarudi kuchukua na vilivyobaki. Sitaki kusema hivyo. Nakupenda. Lakini nitasema."

Mrefu alipitisha ulimi kwenye pengo la jino. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango anaojua umefungwa, kwamba huenda na hili limeandikwa. Aliyeandika lile la kwanza huenda ndiye aliyeandika na hili.

"Hapana," alisema mama mkwe. "Lile aliandika Mungu. Hili mnaandika nyinyi wenyewe. Na mnachoandika wenyewe, mnaweza kukifuta."

Upindo alikuwa na jibu. Lilimfika kooni kabisa. Kama lile ni la Mungu kwa nini hili lisiwe lake, na kama hili ni letu, basi lile lilikuwa la nani? Lakini alimwona mama yule akiichomeka ndoano ileile kwa mara ya tatu, akalimeza jibu lake likashuka kama kidonge kisicho na maji.

Mrefu aliaga kwa adabu zote. Akasahau kuinama, akajigonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu. Siku nyingine nyumba nzima ingecheka.

Jumapili hakuja. Jumatatu hakuja. Jumanne Upindo alikwenda kutundika mapazia kwenye nyumba mpya ya mteja, nyumba ambayo bado ilinuka rangi na haikuwa na samani, kiasi kwamba hata kikohozi kilirudi kwa mwangwi. Alikuwa juu ya ngazi, ndoano kadhaa mdomoni, bomba la pazia limeegemea begani, aliposikia hatua anazozifahamu. Hakugeuka. Alihisi ngazi ikitulia chini yake, ikawa imara kama imemea sakafuni.

"Nani amekuruhusu kupanda bila mtu wa kushika?" aliuliza Mrefu.

Upindo alizitoa ndoano mdomoni. "Mshikaji wangu hajaonekana tangu Jumamosi."

Mrefu hakucheka, ila pumzi ilimtoka puani kama mtu aliyetaka kucheka. Akamwambia habari yake bila kuipamba. Kuna laini mpya ya umeme inajengwa mbali, safari ya kutwa nzima. Kikosi kinaondoka kesho asubuhi. Wamemhamishia huko, na huenda ikawa kwa miaka.

"Wamekuhamisha," alisema Upindo, "au umeomba?"

Ngazi ilitikisika kidogo. "Nimeomba."

Upindo alitundika ndoano iliyokuwa mkononi, kwa uangalifu, kana kwamba hiyo ndiyo habari kubwa ya siku. Chini yake Mrefu alikuwa akieleza: hataki kumuua mama wa watu kwa mara ya pili, hataki Upindo awe mtu wa kutazamwa sokoni. Halafu akasema lile neno ambalo watu husema wakiwa wameshindwa.

"Kama tumeandikiwa, tutaonana tena."

Upindo alishuka. Alishuka polepole mpaka akasimama mbele yake, na kwa vile alikuwa bado kwenye kipandio cha chini, kwa mara ya kwanza walikuwa wakitazamana ana kwa ana bila mmoja kuinua shingo. Alikuwa karibu kiasi cha kuona uvimbe mdogo uliouacha mlango pale kwenye paji la uso. Alitamani kuugusa. Hakuugusa.

"Usinifanyie hivyo," alisema. "Kama unaniacha, niache wewe, kwa mdomo wako. Usimsukumie Mungu kazi yako."

Mrefu alitazama pembeni, kwenye dirisha lisilo na pazia. Kisha akasema jambo ambalo Upindo alikuwa akilisubiri na kuliogopa kwa miaka miwili.

"Wote wameniambia ilikuwa siku yake. Mama yake aliyemzaa ameniambia. Wewe peke yako hujaniambia. Kila nikija pale nasema labda leo." Alimgeukia. "Niambie mara moja tu. Hata kama huamini. Ukiniambia, nakwenda sasa hivi kuwaambia wafute jina langu, na nitapiga magoti kwa mama yako mpaka achoke kunikataa. Lakini siwezi kulala kitanda kimoja na mtu ambaye hajaniambia."

Yalikuwa maneno matatu tu. Siku yake ilifika. Mtoto anaweza kuyasema. Upindo alifungua mdomo, na alichokiona si uso wa Mrefu, bali asubuhi ile: Bashasha amelala chali, miguu ameipandisha ukutani, simu sikioni, anacheka sauti ya rafiki yake inavyotoka kwenye taya lililovimba. Walikuwa wamepanga kwenda mahali siku hiyo, wao wawili. Bashasha aliziba simu kwa kiganja, akamtazama mkewe kwa nyusi zilizoinuka, na baada ya kufikiri kidogo akasema mwenyewe kwenye simu, kaling'oe bwana, nitakwenda mimi. Akavaa viatu vyake vizito huku anapiga mluzi.

"Siwezi," alisema Upindo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliamka. Ilikuwa siku yake ya kulala, akaamka, kwa ajili ya jino lako. Hakuna aliyemsukuma. Huo ndio wema wa mwisho alioufanya hapa duniani, Mrefu. Nikisema iliandikwa, basi hakuwa mwema, alikuwa anaburutwa tu. Siwezi kumnyang'anya hicho. Hana kingine."

"Basi nilimuua mimi."

"Hukumuua. Uliomba, naye akakubali. Rafiki anaomba, rafiki anakubali, kila siku, mahali pote. Halafu waya ukawa na moto." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, na hakuyafuta. "Na mimi sikupendi kwa kuandikiwa. Nilikuwa nakuangalia unavyorudi kutengeneza bomba lilelile. Kila ukija nilikuwa naweza kusema huyu ni shemeji yangu, basi. Nikasema moyoni, huyu. Nilisema mwenyewe. Hilo ndilo nililonalo la kukupa. Ile kauli unayoitaka, sina."

Mrefu alikaa chini. Mtu mzima, mrefu kama nguzo zake, aliketi sakafuni kwenye nyumba ya watu na kuegemea ukuta uliopakwa rangi juzi, akalia kama ambavyo hakulia msibani. Kule alifarijiwa mapema mno. Upindo aliketi kando yake. Hakumwambia anyamaze. Jua lilipita kwenye lile dirisha tupu likawafikia miguuni.

Mrefu alipomaliza kulia, alijifuta uso kwa shati, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyingine, kavu na tulivu.

"Basi njoo," alisema. "Gari linaondoka asubuhi. Mbele kwa dereva kuna nafasi ya mtu. Cherehani itapanda nyuma pamoja na nyaya, nitaifunga mwenyewe isiguswe. Sikuachii Mungu, wala mama, wala siku. Nakuomba mimi. Njoo tuondoke."

Hilo ndilo alilokuwa akilitaka Upindo. Alimdai mwanamume huyu achague, na mwanamume amechagua, palepale mbele yake, macho mekundu na rangi ya ukuta mgongoni. Upindo alijiona amekaa mbele kwa dereva, begani kwake kuna joto la bega lingine. Aliona chumba cha kupanga katika mji wasikojulikana, cherehani karibu na dirisha, mtu mrefu akiinama mlangoni jioni. Alikiona chote, na alikitaka chote.

Akamwona na mama mkwe. Akamwona akiamka asubuhi katika nyumba isiyo na mlio wa cherehani, akiisema ile kauli yake moja ili aweze kuweka miguu chini, na safari hii kauli haifanyi kazi, maana mkwe ameondoka na yule yule. Hakuwa mama yake mzazi. Hawakuchangia damu. Watu wangeelewa; wajane huolewa kila siku. Alipekua moyoni akitafuta mtu aliyemzuia, na hakumpata. Hapo ndipo palipomuuma zaidi.

"Siendi," alisema.

"Mama anakuzuia."

"Hanizuii. Hajui hata kama niko hapa na wewe."

"Basi sema huwezi."

"Naweza," alisema Upindo. "Siendi."

Mrefu alimtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. Alisema ingekuwa rahisi kidogo kama angesema hawezi. Upindo alisema anajua.

Walisimama. Mrefu alitazama madirisha, akauliza limebaki lipi. Upindo akamwonyesha lile la mwisho. "Panda," alisema Mrefu, "nikushikie." Akapanda. Alitundika ndoano baada ya ndoano, haoni vizuri, machozi yakidondoka kwenye mikono yake, na Mrefu kule chini ameinamisha kichwa, vidole vimeikaza ngazi mpaka vimekuwa vyeupe. Pazia lilipofunguka na kushuka, chumba kikaingia kivuli. Mrefu hakuiachia ngazi mpaka nyayo zote mbili za Upindo zilipogusa sakafu. Halafu akaiachia, akatoka, na Upindo alizisikia hatua zake mpaka mwangwi wa nyumba ile ulipokosa cha kurudisha.

Asubuhi iliyofuata aliketi kwenye cherehani. Malori yalipita barabara kubwa kama kila siku, na hakujua ni lipi. Alishona upindo mmoja, akaufumua kwa sababu ulikwenda kombo, akaushona tena.

Mama mkwe aliingia na kikombe cha chai, akakiweka pembeni. Alikuwa amesikia habari za kuondoka kwa Mrefu kwa jirani ambaye mumewe yuko kikosi kile. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo na kuona haya kuutua. Alivuta kigoda, akaketi karibu, na akaanza kusema yale anayoyajua.

"Pole, mwanangu. Haikuwa riziki yako. Ingekuwa imeandikwa, isingekupita."

Upindo alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Hapana, mama. Ilikuwa yangu," alisema. "Aliniomba niende naye. Nafasi ilikuwepo. Nimeiacha mimi."

Mama mkwe alimtazama. 

"Sikukuambia ubaki."

"Hukuniambia."

"Ungeweza kwenda."

"Ningeweza."

Jua la asubuhi lilikuwa limeingia chumbani, likionyesha vumbi la vitambaa likielea. Mama yule alilitazama, na katika uso wake kitu kilikuwa kikivunjika taratibu, kile alichokuwa akikitegemea kila asubuhi, kwa maana sasa alikuwa amekaa mbele ya mtu aliyempa kitu kikubwa kuliko alichoweza kukilipa, na hapakuwa na Mungu wala siku ya kumshukuru badala yake. Upindo aliweka kichwa juu ya meza ya cherehani, juu ya kitambaa cha mteja, akalia kwa sauti.

Mama mkwe alisogeza kigoda. Alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Chai ilipoa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, hakusema neno lolote la kufariji.